Namna ya kumtunga mhusika wa vichekesho anayerudi kila wiki: kazi ya The Fast Show ikifunguliwa nati

The Fast Show, kipindi cha Uingereza cha vichekesho vifupifupi, kilianza kurushwa na televisheni ya BBC2 Septemba 1994. Kilikwenda misimu mitatu hadi 1997, kisha kikaaga kwa sehemu tatu za mwisho Desemba 2000. Waliokianzisha, Paul Whitehouse na Charlie Higson, walikuwa wakimwandikia mchekeshaji Harry Enfield, na wazo lenyewe walilipata kwenye mkanda wa kuwaonjesha waandishi wa habari kipindi cha Enfield. Mkanda ule ulikuwa na vipande vilivyokatwakatwa na kuunganishwa kwa kasi, bila utangulizi wala maelezo. Wakaona kinachobaki baada ya kukata kinachekesha kuliko kilichokatwa.

Ndiyo maana kipindi hiki kinamfaa sana anayejifunza kuandika. Wahusika wake wako uchi: mtu anatokea, anafanya jambo lake, anasema neno lake, anaondoka. Ukiwatazama wawili watatu kwa makini unaona kila skrubu ilipofungwa. Maelezo yafuatayo ni ya anayetaka kuandika vipande vyake mwenyewe, viwe vya televisheni au vya kupigwa kwa simu na kuwekwa mtandaoni.

Shauku kwanza, kibwagizo baadaye

Kosa linaloua vipande vingi hufanyika siku ya kwanza: mwandishi anatunga kibwagizo, yaani msemo ambao mhusika ataurudia kila mara, anaupenda, kisha anamtafutia mtu wa kuusema. Matokeo yake ni kasuku. Watu watacheka wiki ya kwanza, wiki ya pili watatabasamu, wiki ya tatu wataruka.

Anza na kitu anachokitaka mhusika na ukuta unaomzuia. Mtazame Ralph, anayechezwa na Higson. Ni bwana mkubwa mwenye jumba na mashamba, naye amempenda Ted, mfanyakazi wake wa Kiireland, ambaye ni Whitehouse. Hawezi kulitamka jambo hilo. Cheo kinamzuia, haya inamzuia, na Ted mwenyewe amesimama pale na koleo lake. Basi Ralph anauliza habari za mifereji ya maji katika shamba la bondeni. Ted anajibu kwamba hilo yeye hana habari nalo, bwana. Kila kinachochekesha na kila kinachouma kiko katika swali lile la mifereji, kwa sababu mtazamaji anajua Ralph anauliza nini hasa. Waliowaandika wawili hawa mwanzoni ni Graham Linehan na Arthur Mathews, na ukuta wao uliwatosha hata 1998 wakapewa kipindi chao maalumu.

Jaribio ni kujaza sentensi hii moja: "Anataka hiki, lakini kile kinamzuia." Roy, wa John Thomson, anataka jioni ipite bila kumuudhi mkewe Renée (Caroline Aherne). Anaitikia kila asemacho Renée, lakini mwishoni neno moja linamponyoka na mke ananyamaza ghafla. Baba mshindani, wa Simon Day, anataka kuwa bingwa, lakini washindani wake ni watoto wake wadogo, naye hawaachii hata pointi moja. Mwanamke wa Arabella Weir anatoa wazo zuri mbele ya wanaume na hakuna anayemsikia. Dakika hiyohiyo mwanamume mmoja anasema lilelile, na wote wanamsifu. Ukishindwa kuijaza sentensi hiyo, bado huna mhusika. Una sauti tu, na pengine wigi.

Kuna wasio na shauku yoyote na bado wanafanya kazi. Jesse, wa Mark Williams, anatoka kwenye kibanda chake, anatangaza alichokula zaidi wiki hii, anarudi ndani. Hana lingine. Anapona kwa sababu anachukua sekunde chache tu. Kutoka kwake tunapata kanuni ya urefu ambayo ni salama kuifuata. Asiye na shauku asizidi sekunde 10. Mwenye shauku na ukuta apewe kati ya sekunde 30 na dakika 2. Wawili wenye shauku zinazogongana wanaweza kuvuka hapo. Anayevunja kanuni hii hulipa. Swiss Toni, muuza magari wa Higson mwenye nywele zilizopandishwa juu, kila kazi ya duniani huifananisha na kufanya mapenzi na mwanamke mrembo. Alipopewa vipindi vizima BBC Three 2003 na 2004 ilibidi ajengewe ofisi, wafanyakazi na maisha ya nyumbani, maana fananisho moja halibebi nusu saa. Kwa dakika moja na nusu alikuwa mtamu zaidi.

Mahali pa kukiweka kibwagizo

Shauku ikishapatikana, kibwagizo hujitokeza chenyewe: ni maneno ambayo mtu huyo huyatoa kila anapougonga ukuta wake. Yawe maneno matatu hadi sita, ya kawaida kabisa, ambayo mtu anaweza kuyasema sokoni bila kugeuziwa shingo. Msemo wa kujipamba hauigwi na watu, na kibwagizo kisichoigwa hakina kazi.

Kisha amua kinakaa wapi, maana kila mahali pana kazi yake.

Mwishoni, kibwagizo ni kusalimu amri. Mark Williams ana kibarua mmoja anayejikuta kwenye mikusanyiko ya watu wenye nafasi. Mazungumzo yanakwenda vizuri mpaka anapotoa neno lisilofaa. Kimya kinatanda. Anasema ngoja akachukue koti lake, anaondoka. Rowley Birkin, mwanasheria mzee wa Whitehouse, anakaa kitini kando ya moto akinung'unika hadithi ambayo husikii ila neno moja moja, na anamaliza kwa kuungama kwamba, kwa bahati mbaya, alikuwa amelewa sana, sana. Uzito wote unakaa kwenye sentensi ya mwisho, kwa hiyo baada yake hakuna kitu. Kata.

Mwanzoni, kibwagizo ni ahadi. Mtazamaji anakisikia na kuanza kungoja kinachofuata. Jesse ni wa aina hii.

Katikati, kinarudi kama muwasho. Washona suti wawili, Whitehouse na Williams, wanamvamia mteja kwa maswali ya faragha yasiyo na haya kuhusu mwanamke aliyekuwa naye, na kila baada ya swali wanamwambia inakufaa, bwana. Hapa anayebeba kipande ni mteja. Yeye alikuja kununua suti tu, na lazima abaki mtu wa kawaida mwenye adabu mpaka mwisho. Johnny Depp alipokuja kuwa mteja kwenye sehemu za kuaga za 2000, kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kusimama, kuvumilia, kuwaacha wawili wale wachemke. Waandishi wachanga hupenda kumpa mtu huyu naye mzaha wake. Usimpe. Wote wakiwa vichaa hakuna kichaa.

Kipindi hiki kilichoishi kwa vibwagizo kilijicheka chenyewe pia. Arthur Atkinson wa Whitehouse ni mchekeshaji wa miaka ya vita, kwenye filamu chakavu isiyo na rangi. Anauliza liko wapi bao lake la kufulia, na ukumbi mzima unavunjika mbavu, ingawa hakuna mzaha uliotajwa. Mtazame kila unapohisi msemo wako umeanza kupendwa. Ndivyo unavyosikika ukibaki peke yake.

Kiunzi cha kipande kimoja

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo kipande cha kawaida kisizidi ukurasa mmoja na robo. Sekunde 5 za kwanza zionyeshe mahali na mtu. Kufikia sekunde ya 15 shauku iwe imejulikana, bila mtu kuieleza. Halafu majaribio mawili, la pili kubwa kuliko la kwanza. Halafu ukuta. Halafu kibwagizo, na ukate ndani ya sekunde moja.

Sekunde hiyo moja ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwigizaji anabaki akitazama kamera akingoja kucheka kwake mwenyewe kuishe. Mhariri anaongeza sura za waliokuwepo wakishangaa. Mwingine anabandika mlio wa katuni, ule wa "boing", kana kwamba mtazamaji hana masikio. Yote hayo yanamwambia mtu acheke, na mtu akiambiwa acheke anaanza kukagua kama kweli kuna cha kuchekea.

Sehemu ya pili inayoharibika ni mwanzo. Mstari wowote unaoanza na "Unajua wewe kila siku..." ufute. Ukiona kipande hakieleweki bila mstari huo, tatizo liko kwenye mavazi au mahali ulipochagua, na dawa yake iko hukohuko.

Mfano, tangu mwanzo hadi mwisho

Tumtunge mmoja wa kwetu, kwa kiunzi kilekile. Kila kikao cha harusi kina mzee anayesimama na kusema hana maneno mengi. Shauku yake ni kuonekana mtu wa maneno machache. Ukuta wake ni ulimi wake. Kibwagizo ni "Mimi sina maneno mengi", na kinakaa mwanzoni kwa sababu ni ahadi itakayovunjwa.

*Ndani. Ukumbi mdogo. Kikao cha harusi. Jioni.*

MWENYEKITI: Kabla hatujala, mzee wetu, neno moja tu.

MZEE *(anasimama, anafunga kifungo cha koti)*: Mimi sina maneno mengi.

*Kata. Sahani ya pilau mbele ya kijana, inafuka mvuke.*

MZEE *(sauti tu)*: ...ndipo babu yake bwana harusi, huyu wa upande wa mama, akahamia Korogwe. Sasa Korogwe ya wakati ule...

*Kata. Sahani ileile. Haifuki tena. Nzi mmoja.*

MZEE *(sauti tu)*: ...na hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

*Kata.*

Ni sekunde 30, pengine 35. Angalia kisichokuwepo: hakuna anayeguna, anayetazama saa wala anayesinzia. Pilau inafanya kazi yote ya kuonyesha muda, na kijana hagusi sahani kwa sababu adabu haimruhusu, jambo ambalo kila mtazamaji analijua bila kuambiwa. Hotuba yenyewe haina mzaha hata mmoja. Ukiijaza vichekesho, mzee anakuwa mcheshi, na mtu mcheshi hachoshi, kwa hiyo kipande kinaanguka.

Sasa vipande vingine. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati: mahali, au mtu anayezungumza naye, au hasara itakayotokea. Daktari anamuuliza anaumwa wapi. Hakimu anamwambia ajibu ndiyo au siyo. Amepiga simu kumwambia jirani kwamba nyumba yake inaungua, na salio ni la dakika moja. Hapo umebadilisha hasara, na kasi inapanda bila kugusa maneno ya mhusika. Andika vipande 10 kwa kila mhusika, kisha piga 6. 

Vipande vitatu vya kwanza vifanane sana. Mtazamaji bado anajifunza mchezo. Kuanzia cha nne anza kumchezea: chelewesha kibwagizo, mpe mtu mwingine akiseme, au katiza kabla hakijaisha. Kisha, mara moja tu, uvunje mchezo wenyewe. Whitehouse alifanya hivyo na Rowley Birkin: baada ya hadithi nyingi zisizosikika, katika mojawapo maneno yanaanza kueleweka, ni habari ya mwanamke aliyempenda, na sentensi ileile ya ulevi iliyokuwa ikichekesha inakuwa majonzi. Ted na Ralph nao wana kipande ambapo Ralph anakuja baa kumpa Ted habari za kifo cha mkewe, na kumkuta katikati ya mchezo wa kunywa wenye masharti yake. Kwa mzee wetu, mvunjo ni siku ya send-off ya binti yake. Anapewa kipaza sauti. Anasema "Mimi sina maneno mengi." Halafu kweli hana. Anakaa chini.

Mvunjo wa namna hii haufai kabla ya kipande cha sita. Mapema mno watu hawajazoea kiasi cha kushtuka, na ukirudiwa unakuwa hila.

Lugha ya kubuni

Chanel 9, televisheni ya kubuni ndani ya The Fast Show, ya nchi isiyojulikana yenye joto, inahitaji maelezo yake peke yake kwa sababu wengi huiga wakakosea. Watangazaji wanazungumza kitu kinachosikika kama Kihispania, Kiitaliano na Kireno vilivyotiwa kwenye mashine moja ya kusaga. Caroline Aherne anasoma hali ya hewa, ramani imejaa majua, naye anafurahi: "Scorchio!" Ufundi wake ni huu. Chagua mdundo mmoja na usiuache. Tunga maneno matano au sita yanayorudi yaleyale, ili sikio lidhani lina sarufi. Kisha, katikati ya mbwembwe, tupa jina halisi analolijua kila mtu. Wao walitupa la Chris Waddle, mwanasoka wa Uingereza, na la Boutros Boutros-Ghali, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo. Jina halisi ndilo linalochekesha. Maneno ya kubuni ni njia ya kufikia hapo tu.

Hatari ni kuteleza kutoka lugha ya kubuni hadi lafudhi ya kabila la jirani. Hapo kipande kimebadilika: hakuna tena nchi ya ajabu, kuna watu halisi wanaochekwa kwa namna wanavyotamka "r" na "l". Ni kichekesho cha uvivu na kinachakaa upesi. Hata The Fast Show haikupona kabisa katika suala la nani anachekwa. Chip Cobb, mwigizaji wa vitendo vya hatari (stuntman) asiyesikia, anategemea uziwi wake kwa kila kicheko, na leo anaonekana mzee kuliko mwanamke asiyesikika wa Arabella Weir, ambaye kipande chake unaweza kukipiga kesho ofisini bila kubadilisha herufi.

Siku ya kupiga picha

Piga kwa mhusika, usipige kwa sehemu. Vipande vyote 6 vya mzee vipigwe siku moja au mbili, kwa vazi moja, kisha uvitawanye kwenye sehemu 6 wakati wa kuhariri. Ukipiga sehemu nzima kwa siku, utavua na kuvaa mara nane na saa nne zitaishia kwenye maleba na vipodozi.

Vazi lisibadilike kamwe. Mtazamaji atambue ni nani ndani ya sekunde 2, hata sauti ikiwa imezimwa: nywele za Swiss Toni, kiti na moto wa Birkin, kibanda cha Jesse. Fanya vivyo hivyo na kamera. Mpe kila mhusika fremu yake moja ya kufungulia, pima umbali wa stendi kwa hatua, uandike pembeni mwa skripti. Piga picha ya simu ya mwigizaji kabla ya kuanza, kuanzia kichwani hadi viatuni, maana kofia iliyoinamia kushoto kwenye kipande cha kwanza itainamia kulia baada ya chakula cha mchana.

Sauti ndiyo inayoangusha kazi za simu kuliko picha. Maiki ya kubana shatini inatosha, lakini iwe chini ya kola na isiguse kitambaa cha nailoni. Rekodi pia sekunde 30 za kimya cha chumba hichohicho. Bila hicho kila ulipokata patasikika, na kwa vipande vinavyokatwa haraka hivi, mkato unaosikika ni sawa na mtu kukugusa bega kila baada ya mstari.

Kabla ya yote hayo, mwandishi asome vipande vyake mbele ya wenzake kwa sauti bapa, akiwa amekaa, bila vazi wala lafudhi. Kikichekesha hapo, kipigwe. Kikihitaji lafudhi ili kichekeshe, kirudi mezani, na mara nyingi utakuta ile sentensi ya shauku haikujazwa vizuri.

Katika kupanga sehemu, usiweke vipande viwili vya urefu mmoja vikifuatana. Baada ya viwili au vitatu vifupi weka kirefu kimoja, na baada ya kirefu weka cha sekunde 5 hadi 10, Jesse wako, ili mtazamaji apumue. Mhusika mmoja asitokee mara mbili katika sehemu moja, ila kama mara ya pili ni sekunde chache na inajibu ya kwanza: kwa mzee wetu, karibu na mwisho wa kipindi, ukumbi ni mtupu, viti vimepangwa juu ya meza, mfagizi anafagia, na sauti inatoka nje ya fremu: "...sasa nije kwenye sababu ya pili."